Pete, mashine na daftari: shajara ya data za usingizi wa Mjomba, Igombe

Jumamosi, 14 Juni 2025

Kazi yenyewe ni hii. Mjomba anaishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria, anavua dagaa, na analala na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ya usoni, kwa sababu pumzi humkatika usingizini. Kabla ya mashine alikuwa anasinzia mtumbwini huku ameshika kamba ya taa, jambo ambalo ziwani halina mzaha. Mashine ni ya mtumba, AirSense 10 ya ResMed, na aliileta ndugu yetu anayeishi Uingereza. Sasa daktari anataka kujua jambo moja tu: je, oksijeni kwenye damu bado inashuka Mjomba akiwa amevaa barakoa?

Mashine peke yake haiwezi kujibu. Inajua mkondo wa hewa, presha, uvujaji, na mara ngapi pumzi ilisimama kwa sekunde 10 au zaidi. Damu haiioni. Ndiyo maana ikatafutwa pete, O2Ring ya Viatom, inayovaliwa kidole gumba na kuandika oksijeni na mapigo usiku kucha.

Programu ya kusomea data hizi ni OSCAR. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ilianza mwaka 2019 kutoka kwenye programu nyingine, SleepyHead, baada ya aliyeitengeneza SleepyHead kuacha kuiendeleza. Kilichonivutia zaidi ni kwamba haihitaji intaneti. Data za Mjomba zinabaki kwenye kompyuta yangu hapa Kirumba, Mwanza, na bando halimong'onyoki.

OSCAR inasoma kadi ya mashine, na kwenye menyu ina sehemu ya kuingiza faili za Viatom. Kwa hiyo kwa macho tu hakuna mradi hapa: ingiza, printi, peleka kwa daktari. Nimeingiza zote mbili leo mchana. Pete inaanza kuandika wakati mashine imeshafanya kazi saa mbili, na asubuhi mashine inazimwa lakini pete inaendelea saa mbili nyingine. Ukiamini picha hiyo, Mjomba alilala na barakoa bila pete, kisha akaamka akavua barakoa, akalala tena na pete.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Mjomba.

"Shikamoo Mjomba. Ile pete unaivaa saa ngapi?"

"Marahaba. Naivaa nikilala, mpwa wangu. Ungetaka niivae nikiwa sokoni?"

Binamu yangu ndiye mwenye mpangilio pale nyumbani. Ana daftari la shule analoandika baba yake amelala saa ngapi, ameamka saa ngapi, na kama amekoroma. Kwa usiku mmoja wa wiki iliyopita daftari linasema "amelala saa nne na dakika arobaini". Faili la pete linasema 22:40. Faili la mashine linasema 20:36.

Daftari na pete havina ugomvi, tofauti yao ni zile saa sita ambazo kila mtu hapa anazitoa kichwani bila kufikiri. Pete inachukua saa kutoka kwenye simu ya binamu, na simu inaipata kwenye mtandao, kwa hiyo naiamini. Mashine ndiyo iko peke yake. Imebaki na saa za Uingereza za majira ya joto, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa mbili kamili. Zile dakika za ziada sijui zilitoka wapi, na wala si muhimu kujua. Aliyeiweka saa mwanzoni huenda alikadiria tu.

OSCAR ina njia yake ya kulimaliza hili kwa baadhi ya vifaa. Ukitumia oksimita (vipima oksijeni vya kidoleni) za Contec za aina ya CMS50, programu inakuuliza: utumie saa ya kifaa, au useme kwamba kurekodi kulianza pamoja na mashine? Njia ya pete haiulizi kitu. Inasoma muda ulioandikwa mwanzoni mwa faili na kuuamini. Basi kama nataka vikae pamoja, wa kuguswa ni muda huo.

Jumatatu, 23 Juni

Giza limeingia. Kwa wavuvi wa dagaa hii ndiyo wiki ya kazi: mwezi ukiwa mkubwa, taa za mtumbwi hazivuti samaki, na mbalamwezi ni wakati wa kushona nyavu na kulala nyumbani kama watu wengine. Giza likiingia Mjomba anatoka jioni, anarudi alfajiri, dagaa wanaanikwa, naye analala jua likiwa limeshapanda. Leo amelala saa mbili na nusu asubuhi kwa daftari la binamu.

Faili lilikuja kwa WhatsApp. Nimelifungua kwenye programu inayoonyesha baiti mojamoja, na mwanzo wake ni huu:

03 00 E9 07 06 17 08 1B 0A

Baiti mbili za kwanza ni toleo la faili. Zinazofuata, E9 07, ni mwaka, ila umeandikwa kinyumenyume: ukiugeuza unapata 07E9, yaani 2025. Halafu 06 ni Juni, 17 kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16) ni tarehe 23, 08 ni saa, 1B ni dakika 27, 0A ni sekunde 10. Saa 08:27:10. Binamu na pete wanaelewana vizuri.

Kichwa cha faili kina baiti 40. Baada ya hapo ni rekodi za baiti tano tano, moja kila sekunde nne: oksijeni, mapigo, alama ya kama kipimo ni batili, mtikisiko wa mkono, na kama pete ilitetema. Nimeokota moja katikati, 60 3E 00 02 00: oksijeni asilimia 96, mapigo 62, kipimo ni sahihi, mkono umetikisika kidogo, pete haijatetema. (Mtetemo tumeuzima. Pete inayomwamsha mtu ili kumwambia hapumui inaharibu ule usingizi tunaoupima.) Usingizi wa saa tano ni rekodi 4,500, kwa hiyo faili zima ni baiti 22,540. Picha moja ya harusi kwenye kundi la familia ni kubwa kuliko hilo mara nyingi.

Upande wa mashine mambo ni rahisi zaidi kuyasoma. Kadi ina folda iitwayo DATALOG, na ndani yake faili za EDF, muundo uliotengenezwa Ulaya na kutangazwa mwaka 1992 kwa ajili ya kubadilishana vipimo vya usingizi na ubongo. Tarehe na saa ya kuanza zimeandikwa humo kwa herufi za kawaida. Hata Notepad inazionyesha.

Jumanne, 24 Juni

Jambo ambalo lingenipita kama mgonjwa angekuwa karani wa benki.

Nilikuwa nimepanga niende Igombe nirekebishe saa ya mashine, biashara iishe. Kabla ya kupanda daladala nikajiuliza mashine inaigawaje siku. Mashine za ResMed haziigawi usiku wa manane. Siku yake inaanza saa sita mchana na kuishia saa sita mchana ya kesho yake, ili usingizi wa usiku mmoja usikatwe vipande viwili. OSCAR inafuata mpango huohuo. Ni mpango mzuri kwa anayelala usiku. Mjomba kwenye giza analala kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa saba mchana, pengine saa saba na nusu. Adhuhuri inamkuta katikati ya usingizi.

Kwa saa ya Uingereza iliyomo sasa, adhuhuri ya mashine inagonga huku kwetu baada ya saa nane mchana. Wakati huo Mjomba ameshaamka, ameshakula, yuko chini ya mwembe anabishana na watu. Yaani ile saa "mbovu" ndiyo inayokiweka kila kipindi chake cha usingizi ndani ya siku moja, giza na mbalamwezi. Nikiirekebisha, ripoti za wiki za giza zitatoka zimekatwa: nusu ya usingizi siku hii, nusu siku ile, na wastani wa kila siku utakuwa hauna maana.

Nimeamua saa ya mashine isiguswe. Pete ndiyo itakayohamia kwenye saa ya mashine. Atakayeona ripoti ataona Mjomba amelala saa 06:22 asubuhi, na OSCAR itauhesabu usingizi huo kuwa wa tarehe 22, kwa sababu adhuhuri ya mashine ya tarehe 23 haijafika. Nitaandika juu ya karatasi kwa kalamu: ongeza saa mbili. Kuna watakaosema hii ni njia ya mkato. Mimi naona ni nafuu kumweleza daktari mmoja jambo moja kuliko kukata usingizi wa mtu vipande kila giza likirudi.

Alhamisi, 26 Juni

Sasa tofauti kamili. Saa mbili najua. Zile dakika na sekunde nazitaka kwa kipimo.

Kishawishi ni kutazama grafu mbili, kuona pumzi imekatika hapa na oksijeni imeshuka pale, kisha kuuvuta mstari wa pete mpaka shimo likae chini ya tukio. Inapendeza machoni, na si sahihi. Damu iliyokosa hewa mapafuni inapita kwanza moyoni, ndipo isafiri hadi kidoleni, na pete nayo inachukua wastani wa muda mfupi kabla ya kuandika namba. Shimo la oksijeni linatakiwa lije baada ya pumzi kukatika, mara nyingi kwa sekunde 20 hadi 40, na mara nyingine linafika chini kabisa wakati mtu ameshaanza kupumua tena. Ukivipanga vikae pamoja, umeufuta mwendo wa damu ya mgonjwa.

Nimetumia kuvua badala yake. Nilimwomba Mjomba, akiamka, avute barakoa na pete kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono huu. Kwenye faili la mashine mkondo wa hewa umeandikwa mara 25 kwa sekunde, na barakoa ikitoka mstari unaruka vibaya sana, hauhitaji darubini. Kwenye pete, kidole kikitoka, namba zinageuka FF, yaani hakuna kipimo. Sekunde chache za pete kugundua kwamba haina kidole nazikubali. Pete yenyewe inaandika kila sekunde nne, kwa hiyo kutafuta usahihi zaidi ya hapo ni kujichosha.

Mara ya kwanza alivua pete akaenda msalani na barakoa mkononi. Binamu akasimamia zoezi lililofuata. Tofauti imetoka saa mbili, dakika nne na sekunde 30, na vipimo vilivyofuata vinakubaliana nayo, vikipishana kwa sekunde ambazo hata pete haiwezi kuzitenganisha.

Skripti, yaani programu ndogo ya kuifanya kazi hii, ni fupi, ya Python. Inasoma faili la pete, inatoa tofauti hiyo kwenye tarehe na saa, inaandika nakala mpya, na inabadilisha jina la faili pia kwa sababu jina nalo limebeba muda, na sitaki jina liseme hivi na kichwa kiseme vile. Faili la asili haliguswi. Lile la tarehe 23 sasa linaanza hivi:

03 00 E9 07 06 17 06 16 28

Saa 06:22:40. Nimeingiza. Mistari imekaa: mashine inawashwa, pete inaanza, barakoa inatoka, pete inakoma. Na mashimo machache ya oksijeni yaliyopo yanafuata matukio kwa nusu dakika hivi bila mimi kuyavuta.

Jumamosi, 28 Juni

Umeme ulikatika Igombe leo asubuhi, Mjomba akiwa usingizini. Mashine ilizima. Alipokosa hewa aliivua barakoa bila kuamka sawasawa, akageukia ukutani, akaendelea kulala. Pete ina betri yake na haikuwa na habari na umeme.

Kwa mradi huu sijapata data nzuri kuliko hizi. Kwenye kadi kuna faili mbili za usingizi mmoja, moja kabla ya umeme kukatika na nyingine baada ya kurudi, binamu alipomwamsha avae tena. Katikati mashine ni tupu. Lakini mstari wa pete unapita moja kwa moja, na ndani ya ule mwanya unabadilika kabisa. Kabla ya hapo umetambaa kwenye 95 na 96. Dakika chache baada ya barakoa kutoka unaanza meno ya msumeno: unashuka taratibu, unapanda ghafla, unashuka tena, hadi 81 sehemu moja, na mapigo yanaruka kila oksijeni inapopanda. Ndiyo sura ya mtu anayekatikiwa na pumzi, anashtuka kidogo, anavuta hewa, anazama tena. Umeme uliporudi na barakoa kuvaliwa, mstari ukalala.

Kama saa zisingekuwa zimepangwa, meno yale yangeonekana yametokea mashine ikiwa inafanya kazi, na mtu angesema tiba haimsaidii.

Nilimwonyesha Mjomba kwenye simu. Akatazama kwa muda, akauliza: "Kwa hiyo umeme ukikatika ndivyo ninavyokuwa?" Nikamwambia ndivyo. Akasema atamuuliza fundi wa sola bei ya betri.

Jumamosi, 5 Julai

Mambo madogo ya ubora wa kipimo, niyaandike kabla sijayasahau.

Pete inapitisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi kidoleni, na inakisia oksijeni kutokana na jinsi damu inavyoumeza kila mmoja. Chochote kinachozuia mwanga kinazuia kipimo. Binamu alitoka harusini na piko nyeusi vidoleni mpaka kwenye kucha. Tulipomvalisha kwa majaribio pete haikutoa namba. Kidole gumba cha Mjomba ni kigumu kwa kamba na makasia, ila hakina rangi yoyote, na pete inakaa vizuri akiisukuma hadi nyuma ya kiungo.

Kuna la ngozi pia, na hili ni zito zaidi. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha kwenye New England Journal of Medicine kwamba kwa wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha kati ya asilimia 92 na 96, kipimo cha damu ya ateri kilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 ya vipimo vya wazungu. Vile vilikuwa vifaa vya hospitali, na wagonjwa wale hawakuwa wamelala nyumbani kwao. Hata hivyo namba ya pete kwa mtu kama Mjomba nisingeichukua kama ahadi. Umbo la mstari, kwamba unashuka na kupanda au umetulia, naliamini zaidi kuliko 95 au 93 yenyewe. Hilo nitaliandika kwenye karatasi ya daktari, ingawa nadhani analijua kuliko mimi.

Tena ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo asilimia moja chini ya anayoisoma mtu wa Dar es Salaam isimshtue mtu wa Igombe.

Jumatano, 9 Julai

Mwezi unajaa kesho. Mjomba yuko nyumbani, analala usiku, na skripti imepita kwenye usingizi wa usiku bila kubadilishwa kitu. Kwa saa ya mashine anaingia kitandani saa 20 na kitu.

Kwenye OSCAR nimeacha kigezo cha kuhesabu mshuko wa oksijeni kuwa asilimia 3 kwa sekunde 8. Vipo vituo vya kupima usingizi vinavyohesabu kuanzia asilimia 4, na idadi inapungua sana ukibadilisha, kwa hiyo nimekiandika kigezo juu ya kila ukurasa. Presha ya mashine sijaigusa na sitaigusa. OSCAR yenyewe inatahadharisha kwamba haichukui nafasi ya daktari, na mimi ni fundi kompyuta.

Nimeprinti kurasa tatu: usingizi mmoja wa giza, mmoja wa mbalamwezi, na ule wa tarehe 28 wenye mwanya. Daktari alianza na ule wa tatu. Akauliza mwanya ni nini, nikamweleza. Akauliza kama nina uhakika wa saa, nikamwonyesha pale barakoa na pete zinapotoka pamoja. Akapiga mstari kwa kalamu kwenye mwanzo na mwisho wa meno, akamwambia Mjomba mashine inafanya kazi yake, presha ibaki ilipo, na betri si anasa.

Skripti iko kwenye kompyuta ya binamu sasa, na amejifunza kuiendesha. Tofauti ya saa tutaipima upya giza linalofuata, kwa sababu saa za mashine huteleza taratibu, na Uingereza wakirudisha saa zao Oktoba, mashine ya Igombe haitakuwa na habari. Fundi wa sola ametaja bei. Mjomba amesema ni bei ya mtu ambaye hajawahi kuona dagaa wakishuka thamani, na wanaendelea kupatana.